Silaha Hizo Nani Atazihesabu?

Hotuba kwa wajumbe wa kamati ya usalama wa kimataifa na upokonyaji silaha, mkutano wa diplomasia wa wanafunzi, Arusha

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, waheshimiwa makatibu, walimu walezi mliosafiri na vijana hawa kutoka Moshi, Karatu, Babati na hapa mjini, nanyi waheshimiwa wajumbe.

Nimeombwa nizungumze kabla hamjapigia kura rasimu zenu, na nimekubali kwa moyo mmoja, kwa sababu nimefundisha historia na uraia kwa zaidi ya miaka ishirini na katika mambo yote yanayojadiliwa kwenye mikutano ya namna hii hakuna linalonigusa kama hili la silaha. Nimefurahi pia kwamba kamati hii mmeamua kuiendesha kwa Kiswahili. Jana jioni Katibu alinikabidhi rasimu zenu zote nne. Nilizisoma hadi usiku, nikazirudia alfajiri kabla sijatoka nyumbani.

Rasimu ya kwanza inazitaka nchi zote zenye silaha za nyuklia ziziteketeze kabla ya mwaka 2040. Ya pili inataka marufuku ya silaha zinazojichagulia shabaha zenyewe bila mtu kuamua. Ya tatu inahusu bunduki haramu katika nchi za Maziwa Makuu, na ya nne inahusu mabomu ya kutegwa ardhini. Lugha yake ni safi, aya za utangulizi zimefuatana vizuri, na inaonekana wazi kwamba mmesoma. Hata hivyo kuna sentensi moja niliyoitafuta katika rasimu zote nne bila kuiona. Mmeandika nani ateketeze, mmeandika lini, na rasimu moja imeandika hata fedha zitoke wapi, lakini hakuna iliyosema nani ataingia ghalani kuhesabu kabla, nani atahesabu baada, na mhesabuji huyo akizuiwa mlangoni ataripoti kwa nani. Nitazungumzia jambo hilo tu.

Nianze na mji huu, kwa sababu mmekaa mahali ambapo sentensi hiyo iliwahi kuandikwa, kisha ikaachwa njiani.

Tarehe 4 Agosti 1993, hapa Arusha, serikali ya Rwanda na chama cha waasi cha RPF zilitia saini mkataba wa kumaliza vita. Wengi wenu mnaufahamu kwa sehemu yake ya kisiasa, yaani mgawanyo wa wizara na viti vya bunge, lakini itifaki iliyochukua muda na jasho jingi ni ile ya majeshi: askari wangeunganishwa kwa uwiano wa asilimia 60 kutoka upande wa serikali na 40 kutoka RPF, na nafasi za uongozi wa kijeshi zingegawanywa nusu kwa nusu. Waliouandika mkataba huo walijua kwamba tatizo halikuwa jeshi peke yake, kwa kuwa silaha zilikwisha kufika mikononi mwa raia. Kwa hiyo waliandika kwamba kikosi cha kimataifa kitakachokuja kisaidie kutafuta maficho ya silaha na kukusanya silaha zilizogawiwa raia.

Miezi miwili baadaye, tarehe 5 Oktoba 1993, Baraza la Usalama lilipitisha Azimio namba 872 la kuunda kikosi hicho, UNAMIR. Someni maandiko hayo mawili kwa pamoja, moja mkono wa kulia na jingine mkono wa kushoto, kwa maana sijui somo bora zaidi la uandishi wa maazimio kuliko hilo. Yale maneno ya kutafuta maficho na kukusanya silaha kwa raia hayakuvuka kutoka Arusha kwenda New York. Kilichobaki ni kikosi kuchangia usalama wa jiji la Kigali, ndani ya eneo la udhibiti wa silaha ambalo pande zenyewe zingeliweka. Hakuna aliyesimama kutangaza kwamba anafuta jambo kubwa. Sentensi ilifupishwa, jukumu likapungua, na kura zikapigwa.

Tarehe 11 Januari 1994 kamanda wa kikosi, Jenerali Roméo Dallaire kutoka Kanada, aliandika New York kwamba mtoa habari amemweleza kuhusu maficho ya silaha jijini Kigali na kwamba anakusudia kwenda kuzikamata. Alijibiwa kwamba hatua hiyo inazidi mamlaka aliyopewa. Tarehe 6 Aprili ndege ya Rais Habyarimana, akitoka kwenye mkutano Dar es Salaam, ilitunguliwa, na yaliyofuata yaliondoa uhai wa watu wanaokadiriwa kufikia 800,000 au zaidi. Sisemi kwamba kifungu kimoja kingezuia mauaji ya kimbari. Panga halihitaji ghala la siri, na waliokusudia kuua walikuwa wamekwisha kukusudia. Ninachosema ni kwamba kamanda aliyekuwa na taarifa mkononi alinyimwa ruhusa ya kwenda kuhesabu, na alinyimwa kwa sababu ya maneno yaliyokosekana kwenye karatasi.

Baadhi ya walimu waliopo hapa walikulia katika mji huu wakiyaona magari meupe ya Umoja wa Mataifa yakipishana na daladala. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama tarehe 8 Novemba 1994, ilifanya kazi katika jengo la mikutano la AICC mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, ikiwa imewashtaki watu 93. Kumbukumbu zake sasa zipo Lakilaki, si mbali na hapa. Mjumbe anayetaka kujua gharama ya kifungu kilichopunguzwa hahitaji kusafiri mbali.

Sasa niseme kuhusu lugha yenyewe, kwa kuwa mmechagua Kiswahili na Kiswahili kina jambo la kuwafundisha. Jina la kamati hii lina neno upokonyaji. Kupokonya ni kuchukua kwa nguvu kilicho mkononi mwa mwingine, naye hataki. Lakini ndani ya rasimu zenu mmetumia pia kusalimisha, kuweka chini, kukabidhi na kuteketeza, mkayapanga kana kwamba ni neno moja lenye mavazi mbalimbali. Hayafanani hata kidogo. Anayesalimisha amekwenda mwenyewe, pengine kwa sababu polisi wametangaza kipindi cha msamaha na kesho kitakwisha. Anayeweka silaha chini anaweza kuiokota tena jioni. Anayekabidhi anahitaji mpokeaji, na mpokeaji anahitaji daftari. Kuteketeza ndilo tendo pekee lisilorudi nyuma, na ndilo linalohitaji mashahidi kuliko yote. Mjumbe akiniambia kwamba nchi yake inaunga mkono upokonyaji, ninapenda nimuulize ni kitenzi kipi kati ya hivyo anachokusudia.

Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, tofauti hiyo imelipiwa kwa damu. Kuanzia mwaka 2001 serikali iliwataka wafugaji wasalimishe bunduki kwa hiari, na wengi walifanya hivyo. Lakini majirani zao, Waturkana na Wapokoti wa upande wa Kenya, hawakuweka silaha chini kwa wakati uleule, na ulinzi ulioahidiwa ulikuwa haba. Jamii zilizotii zikavamiwa na kuporwa ng'ombe. Zoezi lilipoanza tena mwaka 2006 kwa nguvu za jeshi, imani ilikuwa imekwisha kupotea. Ndugu wajumbe wa rasimu ya tatu, jambo hili liwaumize vichwa. Mmeandika kwamba nchi za ukanda huu zikusanye bunduki haramu. Je, kwa siku moja? Mwenye bunduki wa upande huu wa mpaka atajuaje kwamba wa upande wa pili naye amekabidhi yake?

Na jibu la kuanzia lipo, wala hamhitaji kulibuni. Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, ambayo Tanzania ni miongoni mwa waliotia saini, inazitaka nchi ziweke alama kwenye silaha na kutunza rejesta, na kipo chombo cha kikanda chenye makao Nairobi, RECSA, kinachosimamia utekelezaji wake. Alama ile inayochongwa kwenye chuma cha bunduki ni kitu kidogo, lakini bila hiyo bunduki iliyokamatwa Kigoma haiwezi kueleza ilitoka ghala gani. Gobore la kutengenezwa kienyeji halina alama kabisa, na nimesikitika kwamba rasimu haikulitaja, maana katika mapori yetu hilo nalo linaua. Ongezeni.

Nije kwenye nyuklia, ambako naona mmeweka moyo wenu wote.

Najua baadhi yenu mmeanza na dhana kwamba hii ni habari ya wakubwa, na kwamba mjumbe wa nchi kama yetu anakaa pembeni akitoa huruma. Historia inakataa. Tarehe 22 Mei 1984 viongozi sita kutoka mabara mbalimbali walitoa tamko la pamoja wakizitaka nchi zenye silaha za nyuklia zisitishe majaribio, utengenezaji na uwekaji wa silaha hizo: Raúl Alfonsín wa Argentina, Miguel de la Madrid wa Meksiko, Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Uswidi, Andreas Papandreou wa Ugiriki, na Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania. Wangeweza kuishia kwenye tamko. Hawakuishia hapo. Wakubwa walipodai kwamba haiwezekani kusitisha majaribio kwa sababu hakuna njia ya kuaminika ya kuthibitisha kwamba mwenzako naye amesitisha, viongozi kutoka nchi hizo sita walikutana Ixtapa, Meksiko, mwezi Agosti 1986, wakajibu: sisi tutasaidia kuhakiki. Walijitolea kutoa wataalamu na vifaa vya kupima mitetemo ya ardhi, hata katika maeneo yenyewe ya majaribio. Nchi zisizo na bomu hata moja zilijitolea kuwa mashahidi wa wenye mabomu. Palme alikuwa ameuawa Februari mwaka ule, na nafasi ya Uswidi ilishikwa na Ingvar Carlsson. Ndiye huyohuyo ambaye mwaka 1999 aliongoza uchunguzi huru wa Umoja wa Mataifa kuhusu yale ya Rwanda niliyowasimulia. Kila nikikumbuka kwamba mtu mmoja alisimama kwenye ncha zote mbili za jambo hili hunijia huzuni kubwa.

Haki inataka niseme pia kwamba mmoja wa sita hao, India, ilikuwa imelipua kifaa cha nyuklia mwaka 1974, na ililipua tena mwaka 1998. Jambo hilo halifuti thamani ya tamko, lakini linaonyesha kwa nini hati njema haitoshi bila mhakiki.

Mkataba wa Kupiga Marufuku Majaribio Yote ya Nyuklia ulifunguliwa kwa saini Septemba 1996, na mpaka leo haujaanza kutumika kisheria kwa sababu nchi kadhaa ambazo ni lazima ziuridhie hazijafanya hivyo. Lakini mtandao wake wa kuhakiki unafanya kazi! Vituo vyake vimeenea duniani, vikisikiliza mitetemo ya ardhi, sauti za baharini na mawimbi ya angani yasiyosikika kwa sikio, na vingine vikinusa hewa. Kimojawapo kipo Dar es Salaam: hewa hupitishwa kwenye kichujio, na kichujio hupimwa kama kimenasa chembe za mionzi. Korea Kaskazini ilipofanya majaribio yake sita kati ya mwaka 2006 na 2017, mtandao huo uliyatambua. Mkataba ambao haujaanza kutumika tayari una masikio na pua, na moja ya pua hizo ni ya kwetu. Rasimu ya kwanza haina budi kuitaja.

Mtazameni na jirani yetu wa kusini. Tarehe 24 Machi 1993 Rais F. W. de Klerk aliliambia bunge la Afrika Kusini kwamba nchi yake ilikuwa imetengeneza mabomu sita ya nyuklia na kwamba yote yalikwisha kuvunjwa. Dunia ingeweza kumwamini au kutomwamini. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, waliingia, wakalinganisha vitabu na madini yaliyokuwapo, gramu kwa gramu kadiri ilivyowezekana, wakaridhika. Miaka mitatu baadaye, tarehe 11 Aprili 1996, Mkataba wa Pelindaba wa kuifanya Afrika bara lisilo na silaha za nyuklia ulifunguliwa kwa saini Cairo. Ulianza kutumika tarehe 15 Julai 2009. Bara lililovumilia milipuko ya Ufaransa katika jangwa la Algeria tangu tarehe 13 Februari 1960, na ambalo urani ya Shinkolobwe kule Kongo iliingia katika utengenezaji wa mabomu ya mwaka 1945, lina haki ya kuuliza maswali makali. Na sisi wenye urani Namtumbo tuna wajibu wa kukubali kuulizwa pia.

Mkataba wa Kuzuia Usambazaji wa Silaha za Nyuklia, uliofunguliwa kwa saini mwaka 1968 na kuanza kutumika tarehe 5 Machi 1970, una upande mmoja unaohakikiwa na upande mwingine usiohakikiwa. Nchi zisizo na bomu zimekubali wakaguzi. Nchi tano ambazo mkataba huo unazitambua kuwa na bomu, kwa Kifungu cha Sita, zimeahidi kujadiliana kwa nia njema juu ya kumaliza mashindano ya silaha mapema. Mapema ni lini? Kifungu hakina tarehe, wala hakimtaji wa kuhesabu. Dunia bado ina vichwa vya nyuklia takriban 12,000, na karibu asilimia 90 ya hivyo ni vya Marekani na Urusi. Hesabu hiyo ilikuwa ikishuka wakati nchi hizo mbili zilipokubali kukaguana uwanjani. Ukaguzi wa mkataba wao wa New START ulisimama Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO, haukurudi, na Februari 2023 Urusi ikasimamisha ushiriki wake.

Jana wakati wa chai alinijia mjumbe mmoja, msichana wa kidato cha tano, akanisalimu, "Shikamoo Mwalimu," nikaitikia, akasema, "Mimi nimepewa niiwakilishe Uholanzi. Wenzangu wote wanaunga mkono marufuku, nami naiunga mkono moyoni. Nifanyeje?" Nilimwambia aisome vizuri kura ya tarehe 7 Julai 2017. Siku hiyo nchi 122 ziliupitisha Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia, Singapore ikajizuia kupiga kura, na Uholanzi peke yake ikapinga. Nchi nyingine za muungano wa kijeshi wa NATO hazikuingia hata ukumbini. Uholanzi iliingia kwa sababu bunge lake liliibana serikali ishiriki. Ikakaa, ikajadili, kisha ikasema waziwazi kwamba haiwezi kukubali kwa sababu ya wajibu wake ndani ya NATO na kwa sababu haikuridhika na namna mkataba ulivyoweka uhakiki. Binafsi naamini Tanzania ilifanya vema kuutia saini mkataba huo mwaka 2019. Lakini hoja ya Uholanzi kuhusu uhakiki ni hoja ya kweli, na mwanangu, ukiisimamia leo mchana kwa ukamilifu wake, utawasaidia wenye rasimu ya kwanza kuliko wote watakaowapigia makofi.

Rasimu ya pili sitaisemea kwa urefu. Baraza Kuu lilipitisha azimio kuhusu silaha hizi zinazojiamulia Desemba 2023 kwa kura 152, kwa hiyo mpo katika njia inayopitiwa na wengi. Ugumu wenu ni kwamba bunduki ina namba na kichwa cha nyuklia kina uzito, ilhali programu ya kompyuta hunakiliwa kwa sekunde. Msiseme ikaguliwe; semeni nini hasa kikaguliwe, kama ni rekodi za amri au ni mtu aliyebonyeza kitufe.

Rasimu ya nne ndiyo iliyonifurahisha zaidi, nami nawaomba msiiharibu kwa haraka. Mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini, uliotiwa saini Desemba 1997, ulianza kutumika tarehe 1 Machi 1999, na mkutano wa kwanza wa wanachama wake ulifanyika Maputo mwezi Mei mwaka huohuo. Msumbiji ilikuwa imejaa mabomu ya vita vya miaka mingi. Septemba 2015 ilitangazwa kuwa imesafishwa. Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na panya buku waliofundishwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na shirika la APOPO. Panya buku ni mwepesi kiasi kwamba halipui bomu kwa kulikanyaga, na hunusa baruti bila kupotezwa na vyuma chakavu; eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi hulimaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye kifaa cha kutambua vyuma anaweza kuchukua hadi siku nne. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipewa medali ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Ninawapenda viumbe hawa, na nisiwafiche, niliposoma habari za Magawa kufariki Januari 2022 niliwasomea wanafunzi wangu darasani.

Angalieni jinsi uhakiki unavyofanyika pale. Ardhi hupimwa, hugawanywa kwa kamba, husafishwa, kisha hupimwa tena, na ndipo mwenye shamba hurudishiwa. Mara nyingi waliosafisha huitembea wenyewe mbele ya wanakijiji. Mama anayelima mihogo haamini cheti. Anaamini alichokiona kwa macho. Huo ndio uhakiki ambao mikataba mikubwa inautamani.

Lakini mkataba huohuo sasa unapoteza wanachama. Mwaka 2025 Estonia, Latvia, Lithuania, Finland na Poland ziliamua kujitoa kwa hofu ya vita mpakani mwao. Rasimu yenu inasema nchi zote zibaki, bila kuwajibu hao wanaoondoka. Wajibuni. Mjumbe wa Finland yupo chumba hiki, na jana alipewa dakika moja tu kabla ya kukatizwa kwa hoja ya utaratibu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mchana huu ukifungua muda wa marekebisho, naomba kila rasimu ipewe nafasi ya kuongeza kifungu kimoja kabla ya kura. Rasimu ya kwanza ina kifungu cha saba kinachoishia na nukta baada ya neno kuteketezwa. Pana nafasi hapo. Rasimu ya tatu ina kifungu cha tano kinachozitaja serikali bila kutaja rejesta zao. Na mjumbe wa Rwanda, ambaye nimeona jina la nchi yake kwenye rasimu tatu kati ya nne, ana nakala ya Azimio 872 niliyomwachia mezani. Nawarudisha wajumbe wako.